Nilidhani ni Mawese

Ndugu yangu, kama unasoma haya ukiwa chooni, umesukuma komeo na nje kuna mtu anagonga, basi mimi na wewe tumeshajuana. Usiharakishe. Mwache agonge. Mimi nilikaa humo mpaka nikajua kila ufa wa ukuta, na mjusi mmoja nikampa jina.

Naandika kwa sababu nilipokuwa naumwa sikumpata mtu wa kunisimulia. Wenye kisukari wanajuana, wanaulizana sukari imepanda au imeshuka. Wenye presha wana siku yao kliniki, wanakaa pamoja wanapiga soga. Sisi wa tumbo la kukimbia hatuna kikao, maana hakuna anayetaka kuonekana ameingia. Basi naomba niwe wa kwanza kukaa kwenye benchi. Wewe ukija, sogea karibu.

Naitwa Zuberi, nyumbani ni Rusimbi, hapa Kigoma. Shule niliishia kidato cha pili, baba alipofariki. Mama yangu ni Muha wa Mwandiga, na kazi yake ni mawese. Ndugu zake wanakamua huko Mwandiga, yeye anachukua madumu analeta kuuza sokoni Ujiji. Kanga zake zote zina madoa ya kazi, mekundu-manjano, na hata moja halijawahi kutoka. Anasema ndiyo saini yake, hata kanga ikiibiwa itajulikana ya nani.

Mimi natengeneza sabuni. Nachukua mawese ya mama, nachanganya na kostiki, yale magadi makali ya sabuni, namimina kwenye fremu za mbao uani, ikikauka nakata miche. Kazi hiyo naifanya na rafiki yangu Kassimu. Sabuni yetu haina karatasi wala muhuri, lakini mimi jina lake nilishalipata zamani: Asubuhi Njema. Nilishachora na picha, jua linachomoza juu ya ziwa.

Kassimu alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "We Zube, jua letu linazama ziwani. Wanaoona jua likichomoza ziwani ni Wakongo! Hii sabuni unamuuzia nani?"

"Nitawauzia Wakongo," nikamwambia. Na sikuwa natania.

Ndivyo nilivyokuwa. Kijana wa ndoto na kelele. Nayasema haya ili ujue kwamba aibu haichagui watu wapole peke yao.

Ugonjwa ulianza masika. Tumbo upande wa kulia, chini, likawa linanikamata baada ya kula, kama mtu anakamua nguo mbichi humo ndani. Halafu mbio. Choo chetu ni cha nje, tunashirikiana na wapangaji, na mmoja wao ni Mama Devi, mwanamke wa Kasulu anayekaanga maandazi alfajiri na ambaye sauti yake haina ya chini. Mimi nakimbia na kopo, mvua inaninyeshea, naye yuko kwenye karai lake.

"Zuberi! Tena? Kwani umepanga huko?"

Naye alikuwa anatania tu. Nilimjibu kwa utani vilevile: "Mama Devi, nimepata chumba cha bei nafuu." Tukacheka. Nikafunga mlango, nikajiinamia, nikauma kola ya shati ili asisikie.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nitalisema kama lilivyo, maana nikilizungusha sitakuwa nimekusaidia kitu. Nilikuwa naona rangi nyekundu. Mara nyingine kidogo, mara nyingine si kidogo. Na nilijiambia ni mawese.

Wewe wa Dodoma au wa Tanga utanishangaa. Lakini sisi hapa tunakula ugali wa muhogo na samaki mgebuka anayeogelea kwenye mawese, maharage ndani ya mawese, sombe, yaani kisamvu, ndani ya mawese. Tangu mtoto unajua kwamba kilichoingia chekundu kinaweza kutoka na wekundu wake. Utani wa hilo upo, watu wanauambiana. Kwa hiyo nilikuwa nachungulia, naona, nasema moyoni: jana tulikula mgebuka. Namwaga maji, natoka.

Na mama, alipoona ninakonda, akaanza kunipa dawa anayoijua. Kila asubuhi kabla ya chai, kijiko kimoja cha mawese ya vuguvugu. "Yanalainisha tumbo," anasema, ananishikia kidevu kama mtoto. Nikameza. Tangu hapo sikuhitaji hata kukumbuka jana tumekula nini. Nilikuwa na sababu ya kila siku.

Usiku mwingine nilichafua shuka. Kijana mzima, mwenye kutaka kuwauzia Wakongo sabuni. Mara ya kwanza nilikunja shuka nikalisukuma mvunguni, nikakaa kitandani nalia bila sauti. Kabla watu hawajaamka nilikwenda bombani na mche wa Asubuhi Njema, nikafua kwa maji ya baridi, na doa likatoka lote, shuka likabaki jeupe. Utaniamini? Nilifurahi. Nilisema, loo, sabuni yangu hii kiboko. Nilitembea na furaha hiyo mpaka saa nne. Siku nilizokuwa hoi, shuka nililiacha mvunguni, na nikirudi nalikuta limefuliwa limekunjwa. Mama hakusema neno. Mimi pia sikusema.

Zahanati nilikwenda. Nilitibiwa minyoo, nikatibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, na baada ya miezi nikatibiwa amiba tena. Kila mara daktari aliuliza, "Choo kina damu?" Na mimi nilijibu haraka, "Hapana dokta." Sikudanganya, au ndivyo nilivyojiambia. Sikuwa na damu. Nilikuwa na mawese.

Kiangazi kilipoingia mkanda wangu haukuwa na tundu la kunitosha. Nilitoboa tundu kwa msumari wa moto, halafu jingine. Mashavu yakaingia ndani. Na mtu akikonda hapa kwetu, ugonjwa wake unapewa jina barabarani kabla hajafika hospitali.

Kassimu ndiye aliyeniambia, tunakata sabuni, hanitazami usoni.

"Mwanangu, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Si unajua."

"Nilishapima, Kassimu. Mara mbili. Sina."

"Mimi nakuamini." Akakata mche ukaenda kombo. "Lakini wateja wanauliza kama sabuni unaishika wewe au mimi."

Kuanzia siku ile nilikaa nyuma uani na yeye akakaa mbele na meza. Hakunifukuza. Nilijiondoa mwenyewe, nikasema jua linanichosha.

Ramadhani ikaja, na hapo nikadanganyika vizuri. Nilifunga. Mchana mzima hakuna kinachoingia, kwa hiyo hakuna kinachonifukuza. Tumbo likatulia kama mtoto aliyenyonya. Futari nilikuwa nakunywa uji tu na tende mbili tatu. Nikawaambia watu nimepona, nikasali tarawehe safu ya mbele, nikaanza tena kuchorachora karatasi ya sabuni. Siku ya Idd nikala kama watu wanavyokula siku ya Idd. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimelala sakafuni chooni kwa shangazi yangu, nimeivua kanzu nimeining'iniza msumarini ili isichafuke, wageni wamejaa sebuleni. Shangazi akapaza sauti ili wasikie, "Mwacheni, kazidisha pilau!" Mungu amlipe. Alijua si pilau.

Hapo mama akanipeleka hospitali kubwa ya mjini. Wakatazama, wakapiga picha ya tumbo, wakasema utumbo umevimba na kwa huku kwetu kinachovimbisha hivyo mara nyingi ni kifua kikuu cha tumbo, waanze na hicho. Sikuwalaumu na wala siwalaumu leo. Walitumia walichokuwa nacho, na mimi walichokihitaji zaidi nilikuwa nimekikalia.

Benchi la dawa za kifua kikuu liko dirishani, na nje ya dirisha watu wanapita. Siku ya kwanza nilimwona mteja wetu anakuja na mfuko wa soko. Pembeni yangu alikuwa bibi mmoja wa Kagunga, kaja na boti, kilemba cheusi, kikohozi chake amekifunika na upande wa kanga. Alinitazama jinsi ninavyojikunja, akatazama dirishani, akaelewa. Mteja alipofika na kusalimia, bibi akaniwahi.

"Huyu kijana kanisindikiza mimi," akasema. "Watoto wa namna hii siku hizi wachache."

"Hongera Zuberi," yule mteja akasema, akapita.

Nikamwambia bibi, "Shikamoo, na asante."

"Marahaba. Usiniache sasa, si umenisindikiza? Nenda ukanichukulie maji." Nikaenda. Kila nilipokutana naye nilikuwa mjukuu wake. Jina lake sikulijua.

Nesi alinitahadharisha kwamba zile dawa zitageuza mkojo uwe rangi ya machungwa, nisishtuke. Sikushtuka. Nilifurahi, maana sasa nilikuwa na visingizio viwili. Nikiona nyekundu, nikasema kama si mawese basi ni vidonge.

Nilimeza miezi yote sita, hata siku moja sikuruka. Mwanzo nilipata nafuu kidogo, au hamu ya nafuu. Mwishoni nilikuwa vilevile, na limeongezeka moja. Kukatokea jipu mahali ambapo mtu haonyeshi. Likapasuka, likawa halifungi, linachuruzika. Nilikata vipande vya fulana nikawa naweka. Nikawa nakaa upande mmoja. Kassimu alinitania kwamba nakaa kama bibi harusi, nikacheka naye. Hilo nililificha kwa mama, nikalificha kwa daktari, na kama ingewezekana ningelificha kwangu mwenyewe.

Daktari wa mjini alipoona dawa zimeisha na mimi bado mfupa, akasema niende Mwanza, hospitali ya rufaa, kuna kipimo cha kamera. Nikauliza kamera inapiga wapi. Akasema watanieleza hukohuko.

Mwanza yuko dada yangu mkubwa, Mwajuma, ameolewa huko. Mama alibaki na soko. Nilisafiri kwa basi, na tangu jana yake sikula kitu, nikijidai nimejipanga. Tumepita Kibondo tu, tumbo likakaza. Nikaenda mbele nikishikilia viti.

"Konda, naomba kuchimba dawa."

"Tumetoka kuchimba dawa sasa hivi! Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilichimba. Naomba tena."

Nyuma mtu akasema, "Huyo anachimba dawa au anachimba kisima?" Basi zima likacheka, na mimi nikacheka, jasho linanitoka. Dereva akasimama. Niliporudi, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amehama kiti chake cha karibu na mlango. "Kaa hapa," akanong'ona. "Ukiona inakuja, nigonge goti, nitasema ni mtoto wangu." Nikamgonga goti mara mbili. Mara zote mbili alisema ni mtoto wake, na konda akamgombeza yeye.

Kwa dada nilipokewa kama waziri. Dada Mwajuma ana watoto watatu na sauti ya mama, ila ya kwake ina haraka. Alinitazama mlangoni, akageuka jikoni kwanza, akarudi macho mekundu amejifanya ni moshi, na jiko lake ni la gesi.

Nilikaa kwake siku kadhaa nikisubiri siku ya kliniki. Nilikula mezani kwake wali, samaki, uji, kidogo kidogo. Asubuhi moja niliingia chooni, choo cha ndani, cheupe, chenye taa. Kwetu ni shimo, unaona nusu na giza linakusitiri. Hapa hakuna giza. Nikatazama.

Nikakaa pale. Dada akagonga.

"Zube, umelala humo? Watoto wanataka kwenda shule."

"Dada."

"Nini?"

"Mafuta unayopikia ni yapi?"

"Ya alizeti. Kwani yamekudhuru?"

"Hujaweka mawese? Hata kwenye maharage?"

"Mawese nimeyaacha tangu niolewe, shemeji yako hapendi harufu. Wewe vipi, unauliza mapishi chooni?"

Vidonge nilikuwa nimemaliza. Mawese hapakuwa. Niliegemeza kichwa ukutani, na visingizio vyangu vyote nikaviona vinatoka mlangoni, vimeshika njia. Sikuwa na kingine.

"Dada," nikasema, "njoo uone kitu."

Sikujua kama nitaweza kulisema hilo. Nilifungua komeo nikageuzia uso ukutani. Dada Mwajuma ndiye aliyeniogesha nilipokuwa mdogo, lakini nilikuwa na ndevu sasa. Aliingia, akatazama. Hakupiga kelele. Akamwaga maji mwenyewe, akanifunga kanga yake kiunoni, akasema, "Hii ni damu, mdogo wangu. Tangu lini?"

Nikamwambia, "Tangu masika ya mwaka jana."

Siku ya kliniki tulikaa kwenye ukumbi wenye viti vya chuma vilivyounganishwa, mtu wa mwisho akijitikisa wote mnatikisika. Nilikuwa nimepachagua karibu na choo. Ndugu yangu, ukifika popote chagua hapo, usione haya. Daktari alikuwa mwanamke, si mkubwa sana kwangu kwa umri, na alinieleza taratibu. Mpira mrefu, mwembamba, wenye kamera mbele. Utapita nyuma, uende mpaka utumbo mkubwa unapokutana na utumbo mwembamba, maana picha inaonyesha uvimbe uko hapo. Watachukua na vinyama vidogo.

Nikasema, "Sawa dokta." Nikamwambia dada naenda kununua maji. Nikatoka nje ya geti na nikaendelea kwenda.

Nisikufiche. Mtaani kwetu nimesikia vijana wakisema mambo juu ya mwanaume aliyepimwa hivyo. Na mimi nilikuwepo, na nilicheka. Nilisimama kwa muuza miwa, nikashika kipande cha muwa bila kukila, nikihesabu: nikifa, watasema amekufa na tumbo. Nikipimwa, watasema hayo mengine. Na kwa akili yangu ya siku ile, kufa nilikuona kuna heshima zaidi.

Dada alinikuta hapo. Alikuja taratibu, akanunua muwa na yeye, akautafuna.

"Mimi nimezaa watoto watatu," akasema. "Unajua nimelala mbele ya watu wangapi, miguu juu, taa inaniwaka? Mara ya pili walikuja na wanafunzi. Wanane. Mmoja ana chunusi, ananiangalia huku ameshika kalamu."

Niligeuzageuza kipande changu cha muwa.

"Hakuna aliyeniuliza kama naona aibu. Wala mtaani hakuna aliyesema Mwajuma si mwanamke tena. Sasa wewe mwanaume unaogopa mpira?"

"Watu watasema, dada."

"Nani atawaambia? Mimi?" Akatema kapi. "Na wakisema, watakuwa wanamsema mtu hai. Mimi nataka hilo. Nataka mtu wa kusemwa."

Tukarudi. Kiti chetu kilikuwa kimechukuliwa, mzee mmoja akatusogezea.

Siku ya kujiandaa wananywesha dawa ya kuharisha, madumu na madumu. Hapo nilicheka peke yangu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Wengine wote walikuwa wananung'unika. Mimi nilikuwa mwenyeji. Tena kwa kibali cha daktari.

Chumba cha kipimo ni baridi. Wanakulaza upande, unakunja magoti. Nesi alikuwa kijana wa kiume, akaweka mkono begani kwangu na hakuuondoa mpaka mwisho. "Unafanya kazi gani wewe?" akauliza.

"Natengeneza sabuni."

"Ya unga au ya mche?"

"Ya mche. Ya mawese."

"Ah, hiyo mama yangu anaipenda. Inaitwaje?"

Basi mimi, katika hali ile, wakati ule, nikamwambia inaitwa Asubuhi Njema na nikamweleza picha ya jua. Akasema, "Ikitoka nitafutie." Iliuma, sikudanganyi, lakini iliuma kama kitu chenye mwisho. Kwenye kioo cha ile kamera nilijiona ndani: pekundu, pana vidonda kama barabara ya vumbi baada ya mvua.

Baadaye daktari akavuta kiti, akakaa chini ya usawa wa macho yangu. "Zuberi, kuna kitu chochote hujaniambia? Hata kama ni kidogo."

Dada akasimama bila kuambiwa, akatoka nje.

Nikaangalia sakafu nikamwambia habari ya jipu, na vipande vya fulana, na kwamba nilikuwa nakataa damu kila nilipoulizwa. Nilitegemea anigombeze. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Asante. Hilo ndilo nililokuwa natafuta." Akanitazama na hapo pia, kwa adabu, dakika isiyo ndefu. Akasema kifua kikuu kingeitikia dawa, na hili jeraha lisilofunga, na vidonda vilivyo pale vilipo, vinaelekeza kwenye ugonjwa mmoja. Tusubiri vinyama.

Tulisubiri. Mvua za vuli zilianza huku bado tunasubiri. Majibu yakatoka: ni ugonjwa wa utumbo, unaitwa Kroni. Mengi ya kitaalamu atakueleza daktari wako, mimi nilichoshika ni haya: hauambukizi, haukuletwa na mtu, haupoi moja kwa moja, lakini unatulizwa, na mtu anaishi. Nilimfanya ayarudie hayo ya mwisho. Dada naye akamfanya ayarudie.

Vidonge vya kwanza vilinivimbisha uso ukawa mviringo kama sahani. Niliporudi Kigoma Mama Devi alipiga vigelegele, "Zuberi kanenepa!" Sikuwa nimenenepa, nilikuwa nimejaa dawa, lakini nilimwacha afurahi. Jeraha lilifanyiwa upasuaji mdogo Mwanza, linafunga polepole. Kuna siku mbaya bado. Ila mkanda sasa natumia tundu la kiwandani.

Lililobaki lilikuwa mama. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza jinsi ya kumwambia. Mtu aliyenishika kidevu kila asubuhi, ananinywesha kwa mkono wake kitu kilichonisaidia kuficha. Daktari alisema mawese hayakuleta ugonjwa, ila mafuta mengi nipunguze. Lakini mama mwenye kuuza mawese utamwambiaje?

Nilimkuta uani, anachagua mchele kwenye ungo. Nikakaa, safari hii makalio yote mawili.

"Mama, ile nyekundu haikuwa mawese. Ilikuwa damu."

Akaendelea kuchagua. "Najua."

"Dada alikupigia?"

"Sijapigiwa na mtu." Akatoa chuya, akaitupia kuku. "Nani alikuwa anafua mashuka yako? Nilikuwa natia maji ya baridi tu, doa linaondoka. Hata sabuni sijapaka."

"Hata mimi nilifua likatoka. Nikasema sabuni yangu…"

"Sabuni yako nzuri, mwana wanje." Akiniita hivyo, mwanangu kwa Kiha, najua moyo wake umeshuka. Akavuta upindo wa kanga aliyovaa, akaniwekea gotini lile doa kuukuu, jekundu-manjano, lililofuliwa na sabuni yangu tangu siku ya kwanza nilipoikata. "Lakini doa la mawese haijawahi kulitoa."

Nilitazama ile kanga. Mimi mtengeneza sabuni, mtoto wa muuza mawese, nimezaliwa ndani ya madoa yale.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akatoa chuya nyingine. "Nilikuona una aibu. Nikaona nikisema, nitakuwa nimekuvua nguo mbele yangu. Na mimi niliogopa. Niliogopa ugonjwa watakaoutaja." Mikono yake ikasimama juu ya mchele. "Kile kijiko nikaendelea kukupa. Ili tuwe na cha kusingizia, mimi na wewe."

Basi tukalia, kila mtu akiangalia kuku. Halafu mama akajifuta, akasema haitatokea ndani ya nyumba yake mtu afe kwa kuona haya, na mama yangu akisema kitu anakitenda.

Ndiyo maana kila asubuhi sasa, nikitoka chooni na kopo langu, anauliza kutoka jikoni, kwa sauti, bila kujali nani yupo uani.

"Zuberi! Leo kilikuwaje?"

Siku za mwanzo nilitaka ardhi inimeze. Wapangaji wanapiga mswaki, Kassimu yuko kwenye fremu, mteja anasubiri. Lakini mama ameninyooshea uso, anasubiri jibu, na nimeshaona kimya chetu sisi wawili kilitufikisha wapi.

"Cha kawaida, mama!" najibu. "Hakina kitu!"

Na Mama Devi, kutoka kwenye karai lake la maandazi, anapaza sauti nyumba ya tatu isikie: "Bwana asifiwe!"